Mwaka Kobe Alipomeza Kijiji

Mwezi uliopita, saa sita na nusu mchana, nilisoma redioni tangazo la kifo cha Mzee Salehe wa Mgwashi. Nilisoma jina lake lote na la baba yake, nikataja watoto, wakwe na wajukuu, nikataja kijiji, kitongoji, saa ya maziko, hata ile njia ya mkato kwa wanaotokea Bumbuli. Kisha nikarudia tangazo zima polepole, kama alivyonifundisha Mama Sifaeli, kila jina lipate pumzi yake. Nilipozima kipaza sauti nilibaki nimeishika ile karatasi. Sikulia. Nilitabasamu, na mwenzangu wa mitambo akanishangaa kupitia kioo, maana si kawaida ya mtu kutabasamu baada ya kusoma msiba. Ningemweleza vipi kwa ishara za mikono? Ni habari ya mwaka mzima, na ndani yake kuna kompyuta.

Wanaoandika maisha yao huanza na babu na bibi. Mimi wangu nitawaruka, wanisamehe, wapo na wanajijua. Nianze moja kwa moja na chumba. Redio yetu ilikuwa juu ya duka la pembejeo mjini Lushoto, na ukipanda zile ngazi za mbao harufu ya mbolea na mbegu za kabichi ilipanda na wewe. Ukutani tulibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Watu walituchangia kutoka majumbani mwao, na moja ilikuwa bado na unyoya umenasa, mweupe, ambao ulicheza kila mlango ulipofunguliwa. Dirisha tuliliziba kwa blanketi la kijivu. Mwezi wa saba ukungu haukujali blanketi, uliingia ukakaa na sisi kama mgeni asiyeaga, na Mama Sifaeli alisoma taarifa ya habari akiwa amejifunga kitenge juu ya sweta na kikombe cha chai ya tangawizi kati ya magoti. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa redio na msomaji wa matangazo ya misiba. Kazi nyingine alikubali kugawana, ile hakugawana na mtu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na cheti cha kidato cha nne ambacho sikumwonyesha mtu bila kuulizwa. Nilipokea karatasi za salamu na matangazo, nilifunga ofisi jioni, na nilikuwa na ndoto nyingi kuliko nguo.

Chini ya meza aliishi Kobe. Ndivyo tulivyoiita kompyuta yetu. Ilikuwa nzito, ya zamani, ya kijivu, na ilifikiri kwa muda mrefu kabla ya kusogeza hatua. Ndani ya Kobe kulikuwa na programu tatu zilizofanya kazi ya redio. Ya kwanza ilipokea sauti kutoka kwenye kipaza sauti na kuiweka kwenye eneo moja la memori, kumbukumbu yake ya muda. Ya pili iliichukua hapo na kuipeleka mnarani, ikaruka hewani. Ya tatu, mzembe kuliko wote, iliichukua sauti hiyohiyo na kuiandika kwenye diski taratibu, ili jioni saa kumi na mbili na nusu turudie matangazo ya mchana. Zote tatu zilitumia eneo lilelile la memori, kwa sababu Kobe hakuwa na uwezo wa kumpa kila mmoja la kwake. Mgawaji alikuwa kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachoamua nani apate memori na nani angoje. Memori ikijaa, kerneli alikuwa anachukua kipande anachodhani hakitakiwi, anakipeleka diski. Programu ikikitaka kile kipande, inabidi ingoje kirudishwe. Na kule kungoja ndiko wasikilizaji walikokuita "redio imekata".

Ilikata wakati wa muziki, tukacheka. Ilikata wakati wa bei za karoti sokoni, wakulima wakatutania. Lakini siku moja baada ya mvua za vuli akapanda ngazi mzee mmoja mrefu, koti lake limelowa mabegani, kofia mkononi. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi la wageni bila kusema shida yake. Nikampa chai. Akainywa yote kwanza. Hapo ndipo akasema anaitwa Salehe, ametoka Mgwashi, na hana ugomvi na mtu.

"Nina swali tu, mwanangu. Mwezi jana nilileta hapa tangazo la dada yangu. Alikuwa ameolewa Mlalo, lakini aliomba azikwe kwao Mgwashi, kwa mama yake. Niliandika hivyo kwenye karatasi. Sasa redio ilisema, maziko ni kijiji cha... halafu ikanyamaza. Ikarudi kwenye salamu za pole."

Nilijua alipokuwa anaelekea.

"Watu wakasema, aa, huyu si wa Mlalo? Ukoo mzima ukaenda Mlalo. Magari mawili yalijaa. Wakafika wakakuta nyumba imefungwa na kuku nje. Sisi Mgwashi tulikuwa watu kumi na wawili. Kaburi tulilichimba kwa kupokezana, mpaka mimi na umri huu nikashika jembe."

Mama Sifaeli alitoka studio akiwa na miwani kichwani, akamwomba radhi mara tatu. Mzee akasema imekwisha, dada amepumzika. Akasimama, akavaa kofia, kisha akanigeukia mimi badala ya Mama. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mimi ndiye niliyempa chai.

"Kaka yangu Hemedi ni mgonjwa, yuko kwa binti yake, Mlalo hukohuko. Ameshasema naye atarudi Mgwashi. Siku ikifika nitakuja tena hapa. Utaniahidi kijiji kitasikika?"

Nikasema, "Nakuahidi, babu." Mama Sifaeli akanitazama juu ya miwani. Alipoondoka mzee, akaniambia, "Hadija, umeahidi kwa niaba ya mashine." Na ni kweli. Lakini mtu mwenye miaka ishirini anaahidi kwa niaba ya mvua, ije kuwa mashine.

Kuanzia siku hiyo nikawa kupe wa Fundi Rajabu. Rajabu alipanda kutoka Muheza kila baada ya wiki mbili, begi la vifaa begani na mfuko wa machungwa mkononi, na alikuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Alimenya chungwa kwa kisu ganda likitoka kipande kimoja kirefu, akalitundika kwenye msumari wa matangazo, chumba kikanukia Muheza. Alizoea kufanya kazi peke yake huku akiimba. Sasa kila alipolala chini ya meza kumfungua Kobe, mimi nilikuwa nimechuchumaa hapo na daftari.

"Kaka Rajabu, kwani hatuwezi kumwongezea memori?"

"Memori ya rika lake haipatikani tena, dada. Huyu ameshazika wenzake wote."

"Sasa kerneli anajuaje kipi apeleke diski na kipi akiache?"

"Anakisia. Anaangalia kipi hakijaguswa siku nyingi."

"Na programu yenyewe inajua itakitaka kipi?"

"Inajua kabisa. Inajua hata cha dakika ijayo."

"Mbona haisemi?"

Rajabu akatoa kichwa chini ya meza, vumbi kwenye nyusi. "Hakuna aliyeifundisha kusema."

Jamani. Nimesikia maneno mengi matamu tangu hapo, mengine nimeambiwa na mume wangu, lakini hilo lilinikaa. Kiumbe kinajua kinachokihitaji, kimekaa karibu na mwenye uwezo wa kukisaidia, na kinapata shida kwa sababu tu hakuna aliyekifundisha kusema. Niliwajua watu wa namna hiyo. Nilikuwa mmoja wao.

Rajabu alinieleza kwa mfano wa nyumba. Ukiwa kwa watu, alisema, mama mwenye jiko humwamrishi. Ila ukimwambia, "Mama, saa nane nitarudi na njaa," akiweza atakufunikia chakula. Asipoweza, hajakukosea, maana ana watu wengine wa kulisha na yeye ndiye anayejua kilichomo chunguni. Programu nayo inaruhusiwa kumshauri kerneli juu ya memori, hata ile ya pamoja, na kerneli atasikiliza kwa kadiri anavyoona. Nikaandika kwenye daftari: kushauri, si kuamuru. Halafu akaniandikia maneno ya ushauri, upande mmoja neno la kompyuta, upande wa pili la Kiswahili chake mwenyewe. La kwanza, Nitahitaji. La pili, Nimemaliza. La tatu, Ondoa.

"Mawili ya mwanzo tunayafanya leo," akasema. "Hili la tatu tutalisoma nikirudi."

Programu ya kupeleka sauti mnarani ilikuwa ya zile ambazo maandishi yake yako wazi, mtu akijua anaruhusiwa kuyarekebisha. Rajabu alinikalisha kitini, yeye akasimama nyuma akila chungwa, nikaandika mstari wangu wa kwanza kwa kidole kimoja. Mstari huo ulisema tu: kipande kinachofuata nitakihitaji sasa hivi, naomba ukirudishe mapema. Tukamwasha Kobe. Mchana ule Mama Sifaeli alisoma habari nzima na ilikata mara moja tu, kwenye hali ya hewa.

"Leo Kobe amekunywa nini?" akauliza akitoka.

"Uji wa ulezi, Mama," nikajibu, na kwa furaha nikamwagia chai karatasi za salamu.

Ile mara moja ndiyo iliyonikosesha raha. Ahadi yangu haikuwa "kijiji kitasikika isipokuwa mara moja". Rajabu alikuwa amesharudi Muheza. Nikaweka neno la pili, Nimemaliza, ili programu ya mnarani ikishapeleka kipande hewani iseme kwamba imemalizana nacho. Nikaangalia kipimo cha memori kwenye skrini. Hakikushuka hata kidogo. Nikaandika upya, nikawasha, nikaangalia. Palepale. Leo najua kwa nini. Lile lilikuwa eneo la pamoja, na mmoja akisema amemaliza, chakula hakitoki, kwa sababu wengine bado wanakula. Lakini wakati ule nililiona kama neno la uvivu. Kwetu mtu hasemi "nimeshiba" akainuka na kuacha vyombo. Nililelewa hivyo: ukishiba, hasa ukiwa mdogo, unainuka na vyombo. Programu gani hii inayoshiba na kukaa? Nikatazama daftari. Ondoa. Nikasema moyoni, hili ndilo lenye adabu. Nikaliweka siku ya Jumanne.

Kipimo kilishuka kama maji kwenye beseni lililotoboka. Jumanne haikukata. Jumatano haikukata, si kwenye habari, si kwenye salamu, si hata kwenye taarabu mbili ndefu. Siku hizo mbili hakukuwa na tangazo la kurudia jioni. Nilijiona kama mtu aliyemtoa nyoka kisimani. Nikampigia Rajabu nimwambie ana zawadi akipanda, simu haikupatikana. Mama Sifaeli alinipa matunda mawili ya pea kutoka kwake Kifungilo na kuniambia kwamba kumbe nilikuwa na akili, nilikuwa nimeificha wapi.

Alhamisi asubuhi Mzee Salehe akapanda ngazi. Nilimtambua kwa hatua zake kabla sijamwona. Hakuomba chai.

"Siku imefika, mwanangu."

Aliniwekea karatasi mezani, mwandiko wake umelala kulia kama majani ya mahindi yaliyopigwa na upepo. Kaka yake Hemedi amefariki Mlalo alfajiri ile. Maziko kesho Ijumaa baada ya swala, kijiji cha Mgwashi. Neno Mgwashi alilipigia mstari mara mbili.

"Safari hii wasiende Mlalo," akasema.

"Hawataenda, babu."

Saa sita na nusu alikaa kwenye ngazi na redio yake ndogo ya betri sikioni, na mimi nikasimama nyuma yake nikisikia sauti ya Mama Sifaeli mara mbili, moja ikipenya ukutani, nyingine ikitoka kwenye kile kiredio. Hewani kila neno lilifika. Mgwashi ilifika, mara zote mbili alipoisema. Mzee akazima redio, akanishika kichwa kama anavyoshikwa mtoto, akashuka kwenda kwao kuandaa kaburi. Nami nikabaki nimevimba kama mkate.

Lakini milimani kwetu saa sita mchana watu wako mashambani na sokoni. Redio inasikilizwa jioni, moto ukiwa umewaka. Ndiyo maana ya marudio. Jioni ile nilikuwa nimekaa uani kwa mama mwenye nyumba wangu, Mama Zaina, tukipukuchua maharage kwenye ungo yeye, mimi na jirani mmoja, redio iko juu ya pipa. Tangazo likaanza. Sauti ya Mama Sifaeli ikaja nzuri, nikaongeza sauti ili niwaringie. "Maziko yatafanyika kesho Ijumaa baada ya swala, katika kijiji cha..." Kimya. Haikuwa ile ya kukatakata tuliyoizoea. Ilikuwa kimya safi, kama mtu amezibwa mdomo kwa mkono. Nikahesabu pumzi tatu. Kisha, "...wote mnaombwa kuhudhuria." Akarudia tangazo kama kawaida yake, na kimya kikaja tena, safari hii kilimeza hata neno kijiji.

"Eh!" akasema Mama Zaina. "Redio yenu imemeza kijiji."

"Si Mlalo?" jirani akasema, mikono kwenye maharage. "Kafia huko. Nimwambie baba watoto wawahi gari la asubuhi la Mlalo."

Sikumbuki kuinuka. Maharage yalimwagika, hilo nalikumbuka kwa sababu Mama Zaina hunikumbusha mpaka leo. Nilipanda mlima wa soko nikikimbia na ndala mkononi, huku nampigia Mama Sifaeli. Simu imezimwa, Alhamisi ni mazoezi ya kwaya. Rajabu, haipatikani. Nikafungua ofisi. Kobe alikuwa anarudia salamu za pole kwa utulivu wake, kitaa kidogo cha kijani kinawaka, hana habari. Karatasi ya mzee ilikuwa bado kwenye msumari, chini ya ganda la chungwa lililokauka. Nilijua kanuni ya nyumba ile: misiba haisomi mtu mwingine. Nilijua pia kwamba sauti ya moja kwa moja inafika, mchana ilifika. Nikakaa kwenye kiti cha Mama, kikiwa bado na umbo lake, nikawasha kipaza sauti.

"Ndugu wasikilizaji," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya mbuzi. "Samahani. Mimi si Mama Sifaeli. Naitwa Hadija, mpokea salamu hapa. Tangazo mlilosikia sasa hivi limekatika, na aliyelikata ni mimi. Si umeme, si ukungu, si mtambo. Nilirekebisha kitu nisichokijua vizuri. Mzee Hemedi amefia Mlalo, lakini maziko si Mlalo. Maziko ni Mgwashi. Mgwashi, kwao, kesho baada ya swala ya Ijumaa. Ukimwona jirani yako anajiandaa kwenda Mlalo, tafadhali mkimbilie umwambie."

Nikasoma karatasi yote mwanzo mpaka mwisho. Nikasoma tena. Ya tatu nikaisoma polepole kuliko zote, kila jina na pumzi yake. Halafu nikamnyang'anya Kobe mistari yangu yote ya Jumanne, nikarudisha programu ya zamani, ikakatakata kama inavyopenda.

Asubuhi nilimkuta Mama Sifaeli amesimama juu ya ngazi, kitenge cha msiba kiunoni.

"Nani alikuruhusu kusoma msiba?"

"Hakuna, Mama."

"Mwanzoni ulisoma mbio kama unafukuzwa." Akanitazama mpaka nikatazama vidole vyangu vya miguu. "Ya tatu ulisoma vizuri. Tafuta mtandio, tunakwenda Mgwashi."

Tulipata lifti kwenye lori lililokuwa linarudi tupu kutoka kupeleka kabichi. Njia nzima niliangalia barabara tu, kama kuna magari yanayoelekea upande wa pili. Tulipozunguka kona ya mwisho nikaona mteremko wa kwa Mzee Salehe, nikafikiri kwanza ni shamba lenye maua. Zilikuwa kanga. Na upande wa juu, kofia, nyingi hata nyasi hazionekani. Mama Sifaeli alinishika goti.

Baada ya maziko tulikalishwa wanawake kwenye mikeka, watano watano, na kila kundi sinia moja la wali na maharage. Katika kundi letu alikuwemo bibi mmoja mdogo wa umbo, meno yamebaki machache, anakula tonge dogo na kulifikiria. Mimi nilikuwa sijala tangu jana mchana. Nilishiba haraka, nikaona wenzangu watatu nao wamekunja mikono, nikafanya nilichofundishwa maisha yangu yote: nikainuka, nikalishika sinia nilipeleke kuosha. Bibi akanidaka kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu kama koleo.

"We mtoto! Umeshiba wewe, sinia limeshiba?"

"Samahani bibi, nilidhani..."

"Ukishiba, toa mkono. Mkono ni wako, toa. Sinia si lako. Sinia linaondoka na mkono wa mwisho." Akavuta sinia karibu, akafinyanga tonge lake jingine, bado ananinung'unikia. "Mnafunzwa kuosha vyombo, hamfunzwi kungoja."

Nikakaa. Kisha, Mungu anisamehe, nikacheka kwa sauti, msibani. Mama Sifaeli akanifinya paja.

"Mama," nikamnong'oneza, "huyu bibi ni ile programu ya tatu!"

"Ni nini?"

"Ile inayoandika diski! Mzembe! Wa mnarani alikuwa ameshashiba, mimi nikamwambia aondoe sinia, na huyu alikuwa bado anakula. Akanyoosha mkono akakuta hakuna kitu. Mama, kile kimya kilikuwa ni hicho! Alikuta sinia tupu!"

Mama Sifaeli alimtazama bibi, akanitazama mimi, akasema, "Kunywa maji, mwanangu. Umechoka." Lakini sikuwa nimechoka. Nimemaliza ni kutoa mkono. Ondoa ni kubeba sinia. Nililoliona neno la uvivu ndilo lilikuwa la adabu, na nililoliona la adabu lilimnyang'anya mtu chakula. Nilikuwa nimezisahau kabisa zile programu nyingine, kwa sababu yangu ilikuwa imeshiba.

Tulipokwenda kuaga, Mzee Salehe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, watu wamepanga mstari kumpa mkono. Nilipiga magoti nikaanza kuomba radhi. Akanizuia.

"Nilikusikia jana. Watoto wangu walisema, huyu binti kajiaibisha mbele ya wilaya nzima. Nikawaambia, nyamazeni, anataja kijiji." Akanyoosha kiganja chake, kikavu, kimechubuka. "Dada yangu nilimzika na mikono kumi na miwili, mmoja wao huu. Leo tangu asubuhi sijashika jembe. Nimechoka kupokea mikono tu."

Rajabu alipopanda wiki iliyofuata nilimkalisha yeye kitini na kusimama nyuma mimi. Nilikuwa nimeandika kitu kidogo mwenyewe: kila programu ikimaliza kipande inasema imetoa mkono, kunakuwa na hesabu ya mikono iliyobaki, na ule wa mwisho ndio peke yake unaoruhusiwa kusema Ondoa. Alisoma mistari yangu polepole, chungwa limesahaulika mkononi. Akasema neno la tatu alitaka kunionya kwamba kwenye memori ya pamoja si ushauri tena, huko ni kufuta. Akasoma tena.

"Hii ya kuhesabu mikono sikukufundisha."

"Kanifundisha bibi mmoja Mgwashi."

"Amesomea wapi?"

"Kwenye sinia."

Kobe alifanya kazi na mistari ile miaka minne mingine, hakumeza tena kijiji cha mtu. Na Mama Sifaeli alianza kunipa misiba ya Jumatatu, halafu na ya Jumanne, halafu siku moja akavua miwani akasema macho yake yametosha.

Mwezi uliopita, baada ya kulisoma tangazo la Mzee Salehe, nilikwenda Mgwashi kesho yake pamoja na Mama Sifaeli. Amestaafu sasa, anatembea na fimbo, na nilimsaidia kushuka ule mteremko uliojaa kanga na kofia kama zamani. Tulikalishwa kwenye mkeka, watano, sinia moja. Wanne tulimaliza. Kule jikoni walikuwa wanaita vyombo, kuna watu hawajala. Mama Sifaeli alikuwa anaokota punje za wali moja moja, kwa kidole ambacho siku hizi hakitulii.

"Hadija, mbona hunyanyuki? Watu wanangoja sinia."

Nilikuwa nimekunja mikono yangu mapajani, mitupu, safi.

"Wangoje, Mama. Bado mkono wako."